SIMU YA KWANZA YA ASKARI

Askari anayeshuka Nyamirambo na mshahara mfukoni ili anunue simu janja yake ya kwanza hukuta vishawishi vingi. Vioo vinang'aa, kamera zimepangwa mgongoni mwa simu, na muuzaji ana maneno matamu. Hatuna ugomvi na muuzaji, kwani kazi yake ni kuuza. Wajibu wa askari, awe wa jeshi au wa polisi, ni kuikagua simu hiyo kwa makini yale yale anayokagulia gari kizuizini.

Kwanza ni bei. Mwezi Oktoba 2019, kampuni ya Mara Phones ilipofungua kiwanda mjini Kigali, simu yake ya bei ya chini ilizidi faranga 120,000. Mwaka 2023 simu ya 4G iitwayo Ikosora+ ilitolewa kwa faranga 20,000 katika mpango wa punguzo. Ni dhahiri, basi, kwamba simu ya kufaa si lazima iwe ya fahari, wala hapana sababu ya kuingia deni kwa ajili yake. Polisi anayedaiwa na mfanyabiashara atamkagua vipi mfanyabiashara huyo kesho?

Pili ni asili ya simu. Mtumba si dhambi, ila simu isiyo na risiti huenda imeporwa kwa mwananchi. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha dai risiti ya EBM. Muuzaji akisitasita, ondoka. Ni aibu iliyoje mlinzi wa sheria kukutwa na mali ya wizi mfukoni, hata kama aliilipia fedha zake halali!

Tatu ni umri wa programu. Simu kuukuu yaweza kuwaka vizuri na bado isifae. Mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android 4.4. Isitoshe, simu isiyopata tena marekebisho ya usalama ni kama nyumba yenye kitasa kibovu: mwizi wa fedha za simu haombi hodi. Uliza toleo la Android kabla ya kuuliza idadi ya kamera.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, simu janja hujua mahali ilipo. Mwezi Januari 2018 dunia ilishangaa kuona ramani ya kampuni ya Strava, iliyochorwa kutokana na mazoezi ya watu wenye simu na saa za kisasa, ikionyesha njia walizokimbilia askari wa kigeni ndani ya kambi zao huko Syria na Afghanistan. Hapakuwa na jasusi wala msaliti. Askari walikuwa wakifanya mazoezi tu, na vifaa vyao vikatoa siri.

Kwa hiyo, ndugu askari, siku ile ile ya kununua, weka namba ya siri, zima utambuzi wa mahali, na uinyime ruhusa hiyo kila programu isiyoihitaji. Picha ya lindo, ya silaha au ya msafara isipigwe kabisa. Simu ni mali yako, lakini siri ya kikosi si yako peke yako. Ni uhai wa wenzako.