Kashata ya kakao na pilipili: anza na maziwa yako, usianze na mkopo

Ndugu mfugaji, mkulima na mwenye genge, miezi hii nimeulizwa na vikundi vitatu tofauti, kimoja cha Misungwi, kimoja cha Magu na kimoja cha Sengerema, swali moja: "Afisa, tukikopa tukatengeneza zile chokoleti laini za pilipili tunazoziona kwenye simu, zitatoka?" Jibu langu ni hili. Zinaweza kutoka, lakini si kwa njia mnayoiona kwenye simu, wala si kwa kuanza na mkopo. Nitaeleza kwa nini, kisha nitakupa njia ya kupika na hesabu yake ili uamue mwenyewe.

Kitu chenyewe si kigeni

Wenye hoteli mjini wanakiita faji. Ukikitazama vizuri ni kashata ya maziwa: maziwa, sukari na mafuta, vimechemshwa mpaka vikakaza, kisha vikakatwa vipande. Wahindi wa mjini Mwanza wana barfi yao, ambayo ni ndugu wa kitu hicho hicho. Kilichoongezwa hapa ni kakao na viungo. Hata pilipili ndani ya kakao si mtindo wa jana. Watu wa Meksiko na Amerika ya Kati walikuwa wanakunywa kakao yenye pilipili karne nyingi kabla Wazungu hawajaitia sukari.

Kwa hiyo nashauri uiite kashata. Mteja wa Kisesa au Nansio anajua kashata ni nini na anajua inavyoliwa. Ukimwambia jina asilolijua, utatumia siku nzima kueleza badala ya kuuza.

Kwa nini napinga njia ya kwenye simu

Video nyingi zinakuambia ununue kopo la maziwa mazito yenye sukari na chokoleti ya vipande, uyeyushe, uchanganye, ugandishe kwenye friji. Ni rahisi, sikatai. Lakini angalia pesa inakwenda wapi. Maziwa umenunua ya kiwandani wakati ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba. Chokoleti umenunua iliyokwisha kutiwa sukari, maziwa na faida ya watu wengine. Kilichobaki kwako ni kukoroga. Tena kitu kilichogandishwa kwa friji kinalainika kikikaa kwenye joto la stendi ya Nyegezi saa mbili, na mteja anapewa uji ndani ya karatasi.

Kashata iliyochemshwa mpaka ikakaza haihitaji friji ili isimame. Na malighafi yake kubwa ni maziwa, ambayo wakati wa mvua, majani yakiwa mengi, mnayauza kwa bei ya kutupa au mnayaacha yagande. Hapo ndipo ninapoona faida ya mfugaji wa kanda hii. Maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji ni machache, lakini yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa, na kashata inayataka mafuta hayo.

Mahitaji ya sufuria moja

- Maziwa mabichi lita 1
- Sukari nusu kilo
- Kakao safi ya unga gramu 40
- Samli gramu 50, kama vijiko vitatu na nusu vya chakula
- Karanga zilizokaangwa na kumenywa, robo kilo
- Asali kijiko kimoja cha chakula
- Tangawizi kavu ya unga kijiko kimoja cha chai
- Mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai
- Pilipili kavu ya unga robo kijiko cha chai, na chumvi kidogo sana

Kakao yetu nyingi inalimwa Kyela, mkoani Mbeya. Ukinunua ya unga, soma paketi. Kama kwenye viambato kuna sukari, hicho ni kinywaji cha chokoleti, si kakao. Kakao safi ukiilamba ni chungu. Na ujue kwamba bei yake haitulii: mwaka 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia. Ndiyo maana nashauri gramu 40 na si zaidi. Viungo vitasaidia kuitoa ladha yake.

Namna ya kupika

Chemsha maziwa kwenye sufuria nzito, ukikoroga, mpaka yabaki nusu. Pembeni changanya sukari, kakao, viungo na chumvi vikiwa vikavu, ili kakao isifanye madonge. Mimina mchanganyiko huo kwenye maziwa, tia asali na samli, punguza moto, koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Asali inasaidia sukari isirudi kuwa punje punje.

Tumia tangawizi kavu. Tangawizi mbichi hukatisha maziwa, na mtu analaumu ng'ombe bure.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maelekezo ya kwenye intaneti yanasema upike mpaka nyuzijoto 112 hadi 116. Hizo ni za watu wa pwani na nchi zilizo usawa wa bahari. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Ukifuata namba yao, kashata yako itakuwa ngumu kama jiwe la Bismarck. Punguza nyuzijoto 4: lenga 108 hadi 112.

Kama huna kipimajoto, tumia njia ya maji, ambayo haidanganyi mahali popote. Tia tone la mchanganyiko kwenye kikombe cha maji baridi. Likisambaa, bado. Likikusanyika ukaweza kulifinyanga kwa vidole likawa donge laini linalobonyea, epua. Likiwa gumu linagonga kikombe, umepitiliza.

Ukiepua, acha sufuria itulie bila kuigusa mpaka uweze kuushika ubavu wake bila kuungua. Kisha tia karanga na ukoroge kwa nguvu kwa mwiko mpaka mng'ao upotee na mchanganyiko uwe mzito. Ukikoroga ungali moto sana, sukari itafanya punje kubwa. Mimina kwenye sinia lililopakwa samli, sawazisha, kata kabla haijakaza kabisa.

Usalama kwanza

Maziwa ya ng'ombe anayedungwa dawa hayafai hata ukiyachemsha. Subiri siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Maziwa ya chuchu yenye ugonjwa usiyatumie pia.

Karanga chambua moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga hushambuliwa na ukungu huo huo.

Kashata hii iuze ndani ya siku 7, ikiwa imefungwa vizuri na mbali na unyevu. Andika tarehe uliyopika. Andika pia kwamba ina maziwa, karanga na pilipili, kwa sababu kuna watu miili yao haipokei karanga kabisa, na kuna mtoto atakayelia kwa pilipili. Na ni kitu cha sukari: kipande kimoja kinatosha.

Hesabu, bila kujidanganya

Namba hizi ni za mfano. Futa, weka bei za soko lako la leo.

Maziwa 2,000. Sukari nusu kilo 1,500. Kakao 1,200. Samli 800. Asali, viungo na chumvi 200. Mkaa 800. Jumla ni shilingi 6,500 kabla ya karanga na vifungashio.

Bila karanga unapata kama gramu 750, yaani vipande 36 vya gramu 20. Weka vifungashio vya 600, gharama inakuwa 7,100. Kila kipande kimekugharimu karibu 200. Ukikiuza 200, umefanya kazi ya saa mbili bure. Ukikiuza 300 na mwenye duka akachukua 50, wewe unapata 9,000. Faida ni 1,900.

Sasa tia karanga robo kilo za shilingi 1,000. Vipande vinafika 48. Vifungashio 800. Gharama yote ni 8,300, sawa na 173 kwa kipande. Kwa bei ile ile unapata 12,000, na faida inakuwa 3,700. Karanga za shilingi elfu moja zimekaribia kuongeza faida mara mbili. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema karanga zinaishusha hadhi chokoleti. Anayelipa ni mteja, na mteja wa kanda hii anapenda karanga.

Ona pia kwamba 3,700 si utajiri. Ni ujira wa saa mbili, ukiuza vyote. Vipande 10 vikibaki, 2,500 imekwenda na umebaki na 1,200.

Kuhusu mkopo

Hapa nasema kwa uzito, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fursa nzuri. Lakini mkopo usio na riba bado ni mkopo, na kikundi kikishindwa, majirani wanadaiana, watu wanaacha kusalimiana kisimani.

Msimamo wangu ni huu: msikope kwa kashata mpaka mmepika sufuria 10 kwa pesa yenu, mmeziuza zote, na daftari linaonyesha faida baada ya kulipa maziwa kwa bei ya soko hata kama ng'ombe ni wenu. Sufuria 10 za mfano wangu ni kama 83,000 kwa jumla, na hamzihitaji kwa mkupuo. Ya kwanza inalipa ya pili. Kikundi cha watu watano kinaweza kuanza na mchango wa 2,000 kila mmoja.

Kuna wanaoniambia, "Afisa, unatuchelewesha, wenzetu wa mjini watatuwahi." Sufuria 10 ni wiki tano ukipika mara mbili kwa wiki. Mtu aliyekosa subira ya wiki tano hataweza marejesho ya miezi mingi. Tena bei za malighafi zinaruka. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani, sukari iliadimika mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Mwenye sufuria moja alisimama akasubiri. Mwenye deni hana pa kusimama.

Utamuuzia nani?

Usimkimbilie mtoto mwenye shilingi 50. Huyo ni mteja wa pipi ya kiwandani, na kiwanda hutakiweza. Tafuta mtu mzima anayekunywa chai: ofisini, saluni, kwenye vibanda vya chai vya Buhongwa na Igoma, mwaloni Kirumba alfajiri watu wakiwa na baridi. Tangawizi na pilipili zinakwenda na saa hiyo.

Wengi wenu mlizoea kuuza vitafunwa Kigongo na Busisi, abiria wakisubiri kivuko. Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa Juni 2025 na basi linapita kwa dakika chache. Foleni ile haipo tena, kwa hiyo bidhaa ya kukimbizana na dirisha la basi imepoteza soko lake. Kashata inayokaa wiki nzima dukani ina nafasi kwa sababu haihitaji foleni. Inahitaji mwenye duka anayekuamini, na imani hiyo inatokana na ladha ile ile kila wiki na kubadilisha bila ubishi vilivyoharibika.

Ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa, utahitaji usajili na alama ya ubora. Bado nasikia watu wakitaja TFDA. Tangu 2019 mambo ya usajili wa chakula yako TBS. Anzia kwa bwana afya wa kata yako akague jikoni, kisha fika SIDO Mwanza, ambao kazi yao ni wajasiriamali wadogo, wakueleze hatua. Usinunue lebo za kupendeza kabla ya hapo.

Wiki hii pika sufuria moja. Gawa vipande vinne kwa watu wasiokupenda sana, maana ndugu atakusifu tu, uza vinavyobaki, andika kila shilingi kwenye daftari. Kisha lete daftari ofisini kwangu au kwa afisa ugani wa kata yako. Tutaanza kuzungumza kutoka hapo.