Simu ya mkopo: Hesabu isiyoandikwa kwenye bango

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Dar es Salaam anayeingia Kariakoo kutafuta simu mpya, kitu cha kwanza kinachomkabili siku hizi si bei ya simu. Ni kianzio na rejesho. Bango linaonyesha namba mbili kwa maandishi makubwa: kiasi cha kutoa leo ili kuondoka na simu, na kiasi cha kulipa kila siku baada ya hapo. Namba ya tatu, yaani jumla ya fedha zitakazokuwa zimemtoka mnunuzi siku atakapomaliza deni, mara nyingi haipo, na asiyeuliza haambiwi.

Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Biashara ya simu Afrika Mashariki ilikuzwa na malipo ya kabla. Mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi ulibaki kuwa wa maofisi na wateja wachache wenye akaunti benki na anwani inayojulikana. Mwananchi wa kawaida alinunua simu yake taslimu, akaweka laini aliyoitaka na vocha aliyoimudu. Salio likiisha, alibaki na simu inayopokea. Hakuwa na deni la mtu. Simu ya mkopo imemrudisha mwananchi huyo kwenye mkataba, tena mkataba ambao wengi wanausaini kwa kidole gumba juu ya kioo, bila kupewa nakala ya karatasi.

Chimbuko lake linaonekana vizuri zaidi nchini Kenya. Baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, ikawezekana kukusanya fedha kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi bila kumtuma mkusanyaji mlangoni. Kampuni ya M-KOPA ikaitumia njia hiyo kuuza mitambo ya umeme wa jua kuanzia mwaka 2012. Mteja alilipa kianzio, kisha kiasi kidogo kila siku, na asipolipa mtambo ulizimwa kutoka mbali kwa kuwa ulikuwa na laini ya simu ndani yake. Baadaye kampuni hiyo ikaingia kwenye simu zenyewe.

Julai 2020, Safaricom kwa kushirikiana na Google ikatangaza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: kianzio cha shilingi 1,000 za Kenya, kisha shilingi 20 kwa siku kwa miezi tisa. Shilingi 20 ni fedha ambayo mkazi wa Nairobi anaweza kuitoa bila kuhisi. Siku 270 zikizidishwa kwa 20 ni shilingi 5,400, na ukiongeza kianzio ni 6,400. Hesabu hiyo haihitaji kalamu. Ndiyo maana mpango ule ulieleweka haraka, na ndiyo maana mingi iliyofuata katika ukanda huu imeiga sura yake ya nje: kianzio kidogo, rejesho la siku linalolingana na bei ya chai na chapati. Kilichobadilika katika baadhi ya mipango hiyo ni idadi ya siku.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kusimama. Uchukuliwe mfano wa simu ambayo kwa taslimu inauzwa Sh300,000 za Tanzania. Mfano huu ni wa kuonyesha hesabu tu, si bei ya duka lolote. Muuzaji wa kwanza anataka kianzio cha Sh60,000 na Sh1,200 kwa siku kwa mwaka mmoja. Muuzaji wa pili anataka kianzio cha Sh100,000 na Sh1,500 kwa siku kwa siku 180. Bango la kwanza ndilo litakalovuta watu, kwa kuwa namba zake zote mbili ni ndogo. Lakini Sh1,200 kwa siku 365 ni Sh438,000, na pamoja na kianzio simu hiyo imegharimu Sh498,000. Kwa muuzaji wa pili marejesho ni Sh270,000, na jumla ni Sh370,000. Tofauti ni Sh128,000 kwa simu ile ile.

Riba nayo haionekani kwa macho. Kwa muuzaji wa kwanza, mnunuzi amekopeshwa Sh240,000, yaani bei ya taslimu ukitoa kianzio, na amerudisha Sh438,000. Kwa haraka nyongeza inaonekana kuwa kama asilimia 82. Hata hivyo, mnunuzi huyo hakukaa na Sh240,000 za watu kwa mwaka mzima. Alianza kuzirudisha kesho yake, na kila siku deni lilipungua. Hesabu ikipigwa kwa namna inavyopigwa kwa mkopo unaopungua, riba yake inavuka asilimia 130 kwa mwaka. Mfanyakazi anayelalamikia riba ya benki yake angeshtuka kuisikia. Kwa kuwa imekatwa vipande 365, hakuna anayeisikia.

Ni haki pia kuangalia upande wa mkopeshaji. Anamkabidhi mali mtu asiye na dhamana wala hati ya mshahara, pengine kwa kitambulisho cha NIDA na namba ya simu peke yake. Wapo watakaotoweka, na wapo watakaoivunja simu wiki ya pili na kuacha kulipa. Hasara ya hao inabebwa na wanaolipa. Aidha, mama lishe asiye na Sh300,000 mkononi leo huenda asizipate mwakani, maana kibubu hakistahimili ada ya shule wala ugonjwa wa mtoto. Kwake, kuuliza kama simu ya mkopo ni ghali kuliko ya taslimu ni kuuliza swali lisilomhusu. Swali lake ni kama simu hiyo itamwingizia fedha zaidi ya inazochukua. Kwa mwenye kikoba au upatu unaotoa zamu mapema, jibu linaweza kuwa kuchukua fedha huko na kununua taslimu. Wengi hawajafanya ulinganisho huo kwa sababu wakala wa simu yuko barabarani na kikoba kinakutana Jumapili.

Kinachoufanya mkopo huu uwezekane ni kufuli lililomo ndani ya simu. Ni programu inayowekwa kabla ya simu kuuzwa na ambayo haiondoki kwa mtumiaji kufuta kila kitu na kuanza upya. Simu huwasiliana na mkopeshaji kupitia intaneti. Rejesho likichelewa, kioo huonyesha ujumbe wa kudai, na huduma nyingine hufungwa hadi malipo yaingie. Nchini Uingereza, ambako mikataba ya simu ya miezi 24 ni jambo la kawaida, kampuni hutegemea akaunti ya benki na kumbukumbu za madeni za mteja, na tangu Desemba 2021 kampuni za huko zimekatazwa kuuza simu zilizofungwa kwa mtandao mmoja. Huku kwetu, ambako kumbukumbu hizo ni chache, simu yenyewe ndiyo dhamana na ndiyo dalali wa mahakama.

Kwa anayetumia simu kwa mazungumzo na picha, kufungiwa siku mbili ni kero. Kwa dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia programu ya simu, ni jambo jingine. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo hapati abiria wa kutosha. Asipopata, halipi. Asipolipa, simu inafungwa, na simu ikifungwa hapati abiria hata jua likiwaka. Chombo kinachozimwa ili kumshurutisha alipe ndicho alichokuwa anakitegemea kutafuta fedha za kulipa. Muuza samaki wa Feri anayepokea oda kwa WhatsApp yumo katika mtego huo huo. Wajanja huhamishia laini kwenye kitochi ili angalau wapokee fedha na simu za wateja, jambo ambalo kwa sehemu linaeleza kwa nini kitochi hakijafa mjini pamoja na kelele zote za simu janja.

Mkataba mzuri, kwa hiyo, hupimwa pia kwa siku mbaya: mteja anaruhusiwa kuchelewa siku ngapi kabla ya kufungiwa, anaongezewa faini au anasogezewa tarehe tu, na akilipa mapema deni linapungua au anadaiwa jumla ile ile. Jibu la swali hili la mwisho ndilo linalotenganisha mkopo na bei ya kupachika. Muuzaji anayesema kwamba jumla haibadiliki hata ukilipa ndani ya mwezi mmoja, amekuuzia simu kwa bei hiyo kubwa. Maneno mengine ni mapambo.

Gharama ya pili ni bando. Anayetumia Sh1,000 kwa siku kwa intaneti atakuwa ametumia Sh365,000 kwa mwaka, zaidi ya bei ya taslimu ya simu iliyo katika mfano huu. Baadhi ya simu za mkopo hutolewa na kampuni za mitandao zenyewe, na mnunuzi hujikuta akilazimika kubaki na laini moja hadi deni liishe. Kwa watu waliozoea kutembea na laini mbili au tatu ili wafuate bei nafuu, hilo ni punguzo la uhuru lenye thamani ya fedha. Ni vyema kukumbuka Aprili 2021, vifurushi vipya vilipotangazwa nchini na kuzua malalamiko makubwa kiasi cha kusitishwa. Mwenye uhuru wa kuhama angeweza kuhama. Aliyefungwa kwa mkataba angesubiri.

Serikali ilijaribu kupunguza bei kwa njia ya kodi. Katika mwaka wa fedha 2021/22, Tanzania ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka mmoja baadaye msamaha huo ukafutwa, maelezo yakiwa kwamba bei hazikushuka kama ilivyotarajiwa. Kwa kodi ya asilimia 18, simu ya Sh300,000 ambayo kodi yote imo ndani ya bei ingepaswa kushuka kwa karibu Sh46,000. Fedha hizo hazikumfikia mlaji, na mlaji hakuwa na namna ya kujua ziliishia wapi.

Kuhusu simu yenyewe, rahisi imewahi kugeuka ghali. Mwaka 2019 waliingizwa sokoni vitochi wa 4G wenye mfumo wa KaiOS, na kivutio chao kikubwa kilikuwa WhatsApp. Baadaye WhatsApp ikaacha kuuhudumia mfumo huo. Januari 2025 ikaacha pia simu zenye Android 4.4. Anayekopa kwa mwaka mzima anahitaji simu itakayoendelea kufaa baada ya mwaka huo, na mara nyingi kinachoishia mapema ni nafasi ya kuhifadhi na betri, wala si kamera inayosifiwa dukani. Namba ya utambulisho wa simu nayo si ya kupuuzwa. Waliokuwa na simu bandia Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima, walijifunza kwa hasara maana ya kubonyeza *#06# kabla ya kutoa fedha.

Upande wa sheria, Desemba 2024 Kenya ilirekebisha sheria na kupanua usimamizi wa Benki Kuu yake kutoka wakopeshaji wa kidijitali hadi watoa mikopo wasiopokea amana kwa ujumla, wakiwamo wa bidhaa zinazochukuliwa sasa na kulipiwa baadaye. Tanzania inayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Lakini macho ya wengi yalikuwa kwenye mikopo ya fedha taslimu, ile inayoambatana na kudhalilishwa kwa ndugu na marafiki wa mdaiwa. Simu ya mkopo inapita kama biashara ya duka. Tume ya Ushindani ina jukumu la kupitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja, na ni vigumu kupata mkataba unaostahili sifa hiyo kuliko huu, ambao mnunuzi huukubali akiwa amesimama kaunta huku foleni ikimsukuma nyuma. Kanuni moja tu, ya kulazimisha jumla ya malipo iandikwe kwenye bango kwa ukubwa ule ule wa kianzio, ingebadilisha mengi, na utekelezaji wake haugharimu zaidi ya wino.

Linabaki suala la dhamana ya kiwanda, ambalo wanunuzi hulikumbuka wakiwa wamekwishachelewa. Dhamana ya simu nyingi za bei ya kati ni ya mwaka mmoja hivi, na haihusu kioo kilichopasuka wala simu iliyoingia maji. Deni halijui tofauti hiyo. Simu ikianguka kutoka kwenye bajaji mwezi wa nne, rejesho la kesho yake liko pale pale, na mkopo wa miezi 18 unaweza kumkuta mnunuzi akilipia simu ambayo muda wa dhamana umekwisha na fundi wa mtaani anataka Sh80,000 kubadilisha kioo. Baadhi ya mikataba ina bima ndani yake. Anayeulizwa ni wakala, na jibu lake lisipokuwa kwenye maandishi halitamsaidia mtu yeyote siku ya fundi.