Usiilaumu XP, iulize flashi imetoka wapi

Laptopu ikiwashwa na saa yake ikasoma Januari 2002, tovuti karibu zote zitagoma kufunguka. Kivinjari kitadai muunganisho si salama, na mteja mwenye haraka ya kutuma maombi ya mkopo wa chuo ataambiwa mashine ina virusi, ipigwe windo upya. Kumbe kilichokufa ni kibetri cha ndani, saizi ya kifungo cha koti, kinachotunza saa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inayoamini iko 2002 inaviona havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kazi iendelee.

Fundi mzuri wa Manzese, Dar es Salaam, analijua hilo. Mtaa uliozoea mitumba hauoni aibu kuchapia barua ya mjumbe kwenye Dell Latitude ya 2007, wala kuitumia kutoa nakala za vyeti. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na Microsoft ikaacha kuihudumia 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Kila tarehe ya namna hiyo ikifika, ushauri unaotoka kwenye ofisi zenye viyoyozi ni uleule: nunua mpya. Lakini mwenye steshenari analipwa kwa kurasa. Hatatupa mashine inayochapa vizuri eti kwa sababu aliyeitengeneza amechoka nayo.

Na mashine hiyo bado inaongezewa programu. VLC 3.0 inakubali XP. LibreOffice 5.4 ndiyo ya mwisho kuikubali, na kwa Firefox ni toleo la 52, ambalo masahihisho yake yalikoma 2018. Anayelazimisha toleo la leo anajichosha tu, na faili ya biti 64 haitafunguka kwenye mfumo wa biti 32 hata ikibembelezwa.

Swali ni programu hizo zinatoka wapi. Mara nyingi zinatoka kwenye flashi ya fundi, iliyobeba Office, kraki, antivairasi iliyopitwa na wakati na ufunguo mmoja unaotumiwa na mtaa mzima. Jana ilichomekwa mashine ile, leo hii. Aliyewahi kukaa steshenari anakijua kirusi cha shotikati: mafolda ya mteja yanatoweka, vinabaki vialama vyenye majina yaleyale. Hayajafutwa, yamefichwa. Fundi anafungua dirisha jeusi, anaandika attrib -h -r -s /s /d, na hati zinarudi. Mteja anashukuru, analipa, anachomoa flashi yake. Kirusi kinabaki kwenye mashine kikimsubiri anayefuata.

Wanaosema XP ni hatari hawajakosea. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipovamia kompyuta duniani, Microsoft ililazimika kuitolea XP kiraka, miaka 3 baada ya kuisusa. Nywila ya benki haina kazi kwenye mashine hiyo. Ichape, ichanganue, icheze muziki. Maombi ya mtandaoni yafanyiwe kwenye simu au kwenye Linux nyepesi. Hata hivyo, mashine isiyounganishwa intaneti kabisa bado itaumwa na flashi chafu, na hilo kununua mfumo mpya hakuliondoi.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo mlango uko wazi, na ndani ya flashi hakuna anayechungulia.

Kinachohitajika ni ghala safi la programu, na mfano wa kazi ya aina hiyo upo nyumbani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure, ambayo leseni yake ilimruhusu yeyote kuinakili na kumpa jirani. Fundi angeigawa bila kraki wala ufunguo wa wizi. Tume ya TEHAMA na chuo hicho wanaweza kuweka hadharani matoleo ya mwisho yanayokubali mashine kuukuu, kila moja na namba yake ya uhakiki, ili fundi ajue faili haijachezewa. Waharakishe, maana Debian 13, aina ya Linux iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Programu za kuokota kwa ajili ya mashine kuukuu zinapungua.

LibreOffice, VLC, Firefox na 7-Zip kwa matoleo hayo hazifiki hata GB 1 zikiwekwa pamoja, kwa hiyo bando si kisingizio. Zitakazosumbua ni drayva, hasa za printa za kale kama HP LaserJet 1020. Hapo wataalamu washuke mwendokasi kituo cha Manzese wakawaulize mafundi, ambao diski zao zimehifadhi drayva za miaka mingi, wazichukue, wazisafishe na kuzirudisha mtaani.