Saba ya Uru Ndiyo Silaha

Lori la majani chai huchelewa mvua ikinyesha, na huku kwetu Nyamira mvua hunyesha karibu kila alasiri. Hapo kituo chetu cha chai hugeuka kijiwe cha kadi. Magunia yanaegemezwa ukutani, kreti ya soda inapinduliwa, pakiti inatoka mfukoni mwa mtu. Ni pakiti kuukuu. Sita ya pau imekunjwa pembe hata kila mtu anaitambua kwa mgongo, na joka moja lilipotea zamani, nafasi yake ikachukuliwa na kipande cha boksi la ile pakiti kilichoandikwa JOKA kwa kalamu ya karani. Wachezaji huwa wanne, wasemaji kumi. Hao wasemaji ndio walionifikisha hapa, maana kila siku wana nadharia zilezile kuhusu silaha ipi katika kadi inashinda nyingine, na nyingi hazisimami.

Kwa asiyeucheza mchezo huu: pakiti ina kadi 54 pamoja na majoka mawili. Kila mtu anagawiwa nne. Unatupa kadi inayolingana na ile ya juu kwa umbo au kwa namba. Ukikosa, unaokota moja. Mbili inamlisha anayefuata kadi mbili, tatu inamlisha tatu, joka linamlisha tano. Jeki inamruka mtu, kingi inageuza mzunguko. Nane na kwini ni maswali: ukiuliza, unajibu mwenyewe papo hapo, na usipokuwa na jibu unaokota. Esi inaomba umbo unalotaka, na pia inazima kulishwa. Ukiona zamu ijayo unaweza kumaliza, unatangaza "niko kadi". Kumalizia ni kwa jibu tu, yaani nne, tano, sita, saba, tisa au kumi. Kanuni hiyo ya mwisho wengi huikumbuka wakiwa wameshachelewa.

Hoja ya kwanza, na ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, ni kwamba mwenye joka hashindwi. Jina lenyewe limewasaidia wanaoisema. Joka ni nyoka mkubwa, na kijana akilipata utamwona anavyoketi vizuri kwenye gunia lake. Nakubali kwamba kumlisha mtu kadi tano si jambo dogo. Lakini tuulize hizo kadi tano zina nini ndani. Ukiondoa joka ulilotupa, zimebaki kadi 9 za kulisha na esi 4, jumla silaha 13 katika kadi 53. Ukipiga hesabu, mtu anayeokota tano anapata angalau silaha moja zaidi ya mara 3 kati ya 4. Anayeokota mbili tu anaipata chini ya nusu ya safari. Kwa hiyo ukimtupia jirani yako joka katikati ya mchezo, bila sababu, umemjazia mkono na umemfungulia ghala. Atalia sasa hivi, kisha mzunguko wa pili ataanza kurudisha.

Zaidi ya hapo, joka halimalizi. Ukibaki nalo peke yake mkononi huna ushindi, una mzigo. Kazi moja tu nalitambulia joka: kumzuia anayekaa baada yako akishasema "niko kadi". Hapo usingoje. Nitarudi kwa kijana mmoja aliyengoja.

Nimesema silaha, sijasema mishale, ingawa wako wanaoziita hivyo mbili na tatu kwa sababu zinarushwa. Mimi neno hilo linanikwama. Aliyekuwa Borabu wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mapema mwaka wa 2008, upande wa Chepilat tunakopakana na Sotik, anajua mshale wa kweli ulivyo, na hawezi kulitaja neno hilo akicheka kwenye kreti ya soda. Basi silaha inatosha.

Hoja ya pili: esi ni ya kuombea, na kukaa nayo ni uoga. Hii ndiyo iliyoniumiza mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Esi ziko nne tu katika kadi 54. Ukigawiwa kadi nne, mara 73 kati ya 100 hutapata esi hata moja. Mtu aliyepata ngao adimu namna hiyo, halafu akaitumia dakika ya kwanza kuomba kopa kwa sababu ana kopa mbili, nashindwa kumwelewa. Kuomba kwenyewe kuna gharama ambayo watu hawaihesabu: unaiambia meza nzima kilichomo mkononi mwako. Mtu haombi uru kwa kupenda rangi nyekundu. Kuanzia hapo kila anayekuja kabla yako anajua aibadilishe meza iwe nini ili ukauke.

Siku hiyo nilikuwa na kadi tatu: esi ya kopa, tano ya kopa na saba ya uru. Juu palikuwa na tisa ya kopa. Mtu mwenye akili timamu angetupa tano, akabaki na ngao na jibu. Mimi nilitupa esi nikaomba uru, kwa kuwa nilikuwa nimeshaipenda ile saba na nikijiona nimefika. Wa kwanza akatupa kumi ya uru. Wa pili, sita ya uru. Wa tatu, mogaka mmoja, yaani mzee, aliyekuwa akisinzia tangu tuanze, akafumbua macho, akaitazama meza, akaniwekea tatu ya uru polepole kama anayemtengea mgeni sahani. "Tata, uru uliiomba wewe," akasema. Nikaokota tatu. Esi yangu ilikuwa imelala chini ya kadi tatu, na ningenyoosha kidole ningeigusa.

Simaanishi esi isiombe kamwe. Ukiwa na esi na jibu moja, hakuna aliyetangaza, na anayekaa kabla yako ameokota bila kutupa kitu mizunguko miwili, omba. Lakini ngao ni ngao kwanza. Ile esi ya shupaza, ambayo meza nyingine huipa nguvu ya kuomba kadi kamili kwa umbo na namba, nayo nasema vivyo hivyo, na kwa sauti kubwa zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoikataa kabisa: eti maswali ni mzigo, nane na kwini zitupwe mapema kabla hazijakuokotesha. Maswali yako 8, majibu yako 24. Mwenye swali bila jibu ni kweli anateseka. Lakini swali ndilo linalotoa kadi nyingi kwa pigo moja, kwa sababu swali laweza kufuatwa na swali lingine la namba ileile au umbo lilelile, mpaka ufike kwenye jibu.

Palikuwa na mama mmoja, mchuma chai, ambaye hakuwa msemaji. Alikuwa na kadi nne akasema, "Niko kadi." Watu wakacheka. Kadi nne, niko kadi! Kijana wa boda aliyekaa kabla yake alikuwa na joka, kile kipande cha boksi, tulikijua wote kwa ukubwa wake kilivyochomoza kwenye mkono wake. Angemlisha hapo hapo. Lakini aliona nne ni nyingi, akaliweka joka lake amsubirie mtu wa maana, akatupa sita ya pau, ile iliyokunjwa pembe. Mama akaweka nane ya pau. Juu yake nane ya uru. Juu yake kwini ya uru. Kisha akaibandika saba ya uru na kuanza kutafuta viatu vyake, maana karani alikuwa ameshaanza kuita majina. "Hesabu tena," kijana akasema. Tulihesabu. Hakukuwa na cha kuhesabu, mkono ulikuwa mtupu, na yeye bado ameshika kipande chake cha boksi.

Tazama alichokifanya yule mama. Katika kadi zake nne hapakuwa na hata moja ya kulisha, wala esi. Kwa hesabu za wasemaji wetu alikuwa hana silaha. Kukosa za kulisha si jambo la ajabu: mara 43 kati ya 100 mkono wa mwanzo hauna mbili, wala tatu, wala joka. Wengi wakigawiwa hivyo wanasonya na kukata tamaa. Mama alikuwa na njia ya maswali matatu na jibu moja mwishoni, na aliitunza ile saba kama anayetunza nauli ya kurudia nyumbani. Tangu siku hiyo nikigawiwa kadi natafuta kwanza jibu nitakalomalizia, halafu ndipo natazama nini kitanifikisha kwake. Kadi za kulisha nazitazama mwisho.

Kuna wanaosema jeki na kingi ni kadi za watoto. Hapa sina mengi. Mkiwa wawili, jeki inakurudishia zamu mwenyewe, na aliyeweka jeki mbili kisha jibu amecheza mara tatu huku mwenzake akitazama. Mkiwa wanne, jeki humchelewesha aliyetangaza bila kumwondolea hata kadi moja, kwa hiyo ni dawa ya kutuliza tu. Kingi naiheshimu kidogo zaidi, kwani inaweza kumsukuma mwenye "niko kadi" akawa wa mwisho kwenye mzunguko, ukapata watu wawili wa kukusaidia kumlisha.

Halafu wako wanaosema kadi ni bahati tupu. Mgawo ni bahati, sibishi. Lakini kadi zilizotupwa ziko wazi mbele ya macho yako. Esi tatu zikishapita, iliyobaki ni moja, na kama ni yako, unaweza kurusha tatu kwa jirani ukijua hana pa kukimbilia isipokuwa naye awe na ya kulisha. Yule mogaka anayesinzia hashindi kila siku kwa bahati. Jambo hili mara nyingi huchanganywa na lingine, kwamba kadi ni kamari. Kadi huwa kamari pesa zikiwekwa, na pesa zikiwekwa polisi hawako mbali, wala sitawatetea walioziweka. Kwetu dau ni soda. Jumamosi hatuchezi kabisa, maana nusu ya meza ni Wasabato na nusu nyingine huogopa mama zao.

Iliyobaki ni ile ya majivuno: kwamba mchezo ni wetu, na kanuni zetu ndizo za kweli. Sawa, jina "niko kadi" ni letu na utani ni wetu. Lakini ndugu zake wametapakaa. Wajerumani wana mchezo uitwao Mau-Mau, jina ambalo Mkenya akilisikia hushtuka, na huko saba ndiyo inayolisha mbili, nane ikaruka mtu. Marekani kinyozi mmoja wa Ohio, Merle Robbins, alitengeneza Uno mwaka wa 1971, na hiyo ni kadi yetu iliyopakwa rangi. Wanaijeria wana Whot. Hata majina ya maumbo tuliyapokea kutoka pwani, kwa Wareno walewale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593. Kopa ni vikombe vyao, uru ni dhahabu, pau ni marungu, shupaza ni panga. Nusu ya maumbo, basi, yalizaliwa silaha, ingawa vijana wetu wameyavua makali: pau wanaziita maua, na shupaza wanaiona jembe. Na yule mama, kwa kweli, alianza kwa rungu akamalizia kwa dhahabu.

Kuhusu kanuni za kweli, niliwahi kuvuka barabara Keroka, mji ule ambao upande mmoja ni Kisii na mwingine ni Nyamira. Nilikaa kwenye meza ya vijana waliokuwa wakisubiri abiria. Nikalishwa joka. Nilikuwa na mbili nyekundu, na kwetu mbili ikiwekwa juu ya joka inausogeza mzigo kwa anayefuata. Nikaiweka kwa madaha. Wakanitazama. "Hapa joka linajibiwa kwa joka au esi," mmoja akaniambia kwa upole, "mzee, ungeuliza kabla hatujagawa." Nikaokota tano, na ile mbili yangu ikanirudia mkononi. Soda niliyoilipa ilikuwa ya nanasi, na aliyeinywa alikuwa na kadi mbili tu mwishoni: nane ya kopa na nne ya kopa.