Usibomoe paa kabla hujakusanya vyote



Mnakumbuka habari ya wale watu wanne wa Kapernaumu waliombeba rafiki yao aliyepooza. Mlango ulijaa watu, basi wakapanda juu, wakafungua paa, wakamshusha mbele ya Yesu. Mgonjwa akarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Lakini sisi wa ukurasa huu wa nyumba tunajiuliza: nani alirudi kulifunga paa la yule mwenye nyumba? Injili haisemi. Kufungua paa ni kazi ya asubuhi moja tu. Kulifunga kunataka makuta, mbao na akili.

Hapa Mikelenge jamaa nyingi zinatamani kuacha majani na kuweka mabati. Ni tamaa nzuri. Lakini mara ngapi tumeona jambo hili: baba anapata makuta kidogo, ananunua mabati 20, na kwa furaha anabomoa majani yote mwezi wa saba. Anasema, “Mengine yatakuja.” Mwezi wa nane unapita. Mwezi wa tisa mvula inarudi, inakuta kuta za matofali mabichi ziko wazi. Matofali yanayeyuka kama sukari, na watoto wanalala kwa majirani. Yule aliyetaka paa jipya amepoteza nyumba nzima.

Kwa hiyo neno letu la mwezi huu ni moja: vitu vyote viwe ndani ya parseli kabla ya kugusa jani la kwanza. Bwana Yesu mwenyewe alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akasema inafaa akae kwanza ahesabu gharama.

Tuhesabu basi. Tuseme paa lako lina urefu wa m 9, na kila upande una mteremko wa m 5.5. Bati la m 3, likishalaliana na jirani yake, linabaki kufunika upana wa karibu sm 75. Kwa urefu wa m 9 unahitaji mabati 12. Kwa mteremko unahitaji mawili, moja juu ya lingine. Pande mbili: 12 mara 2 mara 2, ni mabati 48. Mwenye 20 bado hajafika nusu. Ongeza bati la kichwani linalofunika mgongo wa paa, misumari ya mabati, sheveroni, lati na waya wa kufungia.

Angalia namba ya bati. Watu wengi wanafikiri BG 32 inapita BG 28 kwa sababu namba ni kubwa. Ni kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Bati jembamba ni la bei ndogo, lakini upepo unalikunja na msumari unalipasua upesi.

Wenye kuchimba wanajua: mwezi huu makuta yapo, mwezi ujao hayapo. Basi nunua kidogo kidogo, tano leo, kumi kesho. Kindu yetu iko mbali. Mabati yanatufikia kwa safari ndefu, na bei haikai mahali pamoja. Lakini yatunze vizuri. Mabati mapya yakilaliana yakiwa na maji katikati, yanatoa unga mweupe na kuanza kuharibika kabla ya kupanda juu ya nyumba. Yafute, yaweke ndani juu ya vijiti, yainame kidogo. Na mbao vilevile: inunue mapema ikauke, kwa maana mbao mbichi inapinda na kulegeza misumari.

Vyote vikishakuwa tayari, chagua siku katika kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Sasa utaona nini?

Kwanza, uchafu. Majani ya zamani yana masizi, panya, nge, hata nyoka. Toa chakula, nguo na vitanda. Mtoto mchanga, mgonjwa na mzee wapelekwe kwa jamaa kwa siku mbili ao tatu. Omba mapema, usiombe saa ile majani yanapoanguka.

Pili, fundi atakuonyesha mbao zilizooza. Usikasirike ukifikiri anakuibia. Panda ngazi uangalie kwa macho yako. Bati jipya juu ya mbao iliyoliwa na mchwa ni kama koti jipya juu ya kidonda. Hapo ndipo ule waya unapofanya kazi: mbao zifungwe kabisa na ukuta. Paa la majani ni zito, linanyonya upepo. Bati ni jepesi, na tufani ikiingia chini yake linaruka kama kisu, linaweza kuua mtu parseli ya tatu.

Tatu, kupanga mabati. Yanaanza chini na kupanda juu, ili la juu lilalie la chini na maji yasirudi ndani. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa bati, hapana ndani ya bonde, kwa sababu maji yanapita bondeni. Acha paa litoke nje ya ukuta sm 60 hivi, kulinda matofali. Upepo ukiwa mkali, kazi isimame.

Ninyi vijana mnaopenda kumsaidia fundi: mtu mmoja ashike ngazi sikuzote. Torati ya Musa iliagiza ukuta mdogo kuzunguka paa, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba. Agizo hilo linatuhusu na sisi.

Kama unakaa katika nyumba ya kambi ya zamani yenye eterniti ya kijivu, uwe mwangalifu zaidi. Eterniti ya zamani ina amianti. Vumbi lake likiingia mapafuni linaleta magonjwa mabaya baada ya miaka mingi, hata kansa. Usiikate kwa msumeno, usiivunje kwa nyundo. Imwagie maji, ifungue polepole ikiwa nzima, ifukie mbali na kisima. Watoto wasiichezee.

Kazi ikiisha, tembeza sumaku ya redio iliyokufa chini pote. Itaokota misumari kabla ya miguu ya watoto. Saa sita mchana ingia ndani, funga milango, tazama juu: penye nuru pana tundu. Angalia pia maji yataangukia wapi. Yasiende kwa jirani, ugomvi usianze. Ukiweka mfereji na pipa, mama na wasichana watapumzika safari za kisimani. Lakini maji ya kwanza ya mvula yamwage, yanaosha vumbi.

Mapatano na fundi yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Mpe sehemu akianza, sehemu akifika katikati, na ya mwisho baada ya mvula ya kwanza. Fundi mwaminifu hataogopa. Nawe uwe mwaminifu: siku hiyo ikifika, mlipe bila kumzungusha.

Na mabati yakibaki mawili ao matatu? Tazama ng’ambo ya njia. Pengine kuna mama mjane anayesogeza kitanda chake kila mvula ikinyesha. Vijana wa kanisa wana mikono, wewe una bati. Mnangoja nini?

Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.