Picha ya Tao la Paris na Wasioonekana Ndani Yake

Wako waalimu wenzetu ambao, wakiwaonyesha watoto picha ya Tao la Ushindi la Paris, husema, "Tazameni nguvu za mji huu!" Sisi twakataa kufundisha hivyo. Hatusemi kwa chuki, maana tao lile ni zuri, na urefu wake wapata meta 50.

Napoleon aliamuru lijengwe mwaka 1806, baada ya ushindi wake wa Austerlitz. Lilipokwisha, mwaka 1836, mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka 15, tena mfungwa kisiwani. Alipita chini yake mwaka 1840, akiwa ndani ya jeneza.

Haya, wekeni picha mbili mezani. Katika ile ya Juni 1940 askari wa Ujerumani waandamana penye tao. Katika ile ya Agosti 1944 Jenerali de Gaulle ashuka kwa miguu kutoka pale pale, watu wamejaa huku na huku. Mawe ni yale yale. Basi, yashuhudia nguvu za nani? Mlango haumjui mwenyeji wala mwizi.

Walakini neno lituumizalo ni jingine. Kikosi cha Wafaransa kilichoingia Paris mwaka 1944 kiliongozwa na Jenerali Leclerc. Huyu alianzia vita vyake vya jangwani katika nchi ya Chad, na wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Ndio waliovuka jangwa pamoja naye, wakawanyang'anya Waitalia mji wa Kufra mwaka 1941. Lakini mwaka 1943, kikosi kilipoundwa upya huko Moroko na kupewa silaha za Kimarekani, askari weusi waliondolewa. Tena mwaka 1944 wakubwa wa majeshi ya Marekani na Uingereza waliandika kwamba wataka watakaoingia Paris wawe watu weupe.

Mpiga picha hakusema uwongo, alipiga waliokuwapo. Kazi ya kuchagua ilikwisha kufanywa kabla hajafungua kamera yake.

Labda mtu atatuambia kwamba mambo haya ni mazito mno kwa watoto. Je, kusifu mawe wasiyoyafahamu ni chepesi? Mtoto awezaye kuhesabu walio katika picha aweza pia kuuliza ni nani hayumo.

Picha na ikae ukutani, hatutaki iondolewe. Twataka mwalimu aandike chini yake kwa wino, "Kufra, 1941," kisha angoje swali la kwanza.