Diski Ilikufa Yenyewe, Mwenzetu Asilipishwe

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Nimeshika kalamu kumtetea mtu ambaye hakuniomba nimtetee. Huyu ni katibu msaidizi wa chama chetu, ambaye tangu muhula uliopita anadaiwa bei ya diski. Kosa lake ni lipi? Eti yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuichomeka kwenye kompyuta. Kamati iliketi, ikapiga kura, ikaandika deni katika daftari. Mimi sikubaliani na kamati, na kwa kuwa jarida hili ni la wanachama wote nitasema sababu zangu hapa mchana kweupe, badala ya kunong'ona nyuma ya darasa.

Kwa wale wasioyajua yaliyotukia, chama kilikuwa na diski moja ya SSD, nyepesi, ya kuingia katika mfuko wa shati. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee zilizorekodiwa kwa miaka miwili, kutoka Muhuru Bay na Karungu upande wetu wa Migori hadi Kendu Bay na Mbita kule Homa Bay. Tuliwauliza wazee jinsi Kiswahili kilivyowafikia, nani walikileta ufuoni, na maneno kama mesa na sabun yalivyoingia katika Dholuo. Mzee mmoja wa Kendu Bay alitusimulia habari za ziwa Simbi Nyaima, jinsi kijiji kizima kilivyozama usiku mmoja kwa sababu ya kumfukuza bibi kizee aliyeomba chakula na mahali pa kulala. Hadithi hiyo tulikuwa nayo kwa njia tatu, na zote tatu zilipingana. Basi Jumatano moja diski ikachomekwa, taa yake ikawaka, kompyuta ikakaa kimya kana kwamba hakuna kitu. Jumanne yake ilikuwa nzima.

Mzee yule alifariki mwezi wa Desemba. Hapo ndipo uchungu ulipo, na ninaelewa kwa nini watu walitafuta wa kulaumiwa. Lakini uchungu si ushahidi.

Hebu tuitazame diski yenyewe. Zile za zamani, nzito, zina sahani inayozunguka na mkono unaosoma juu yake. Zikikaribia kufa mara nyingi hulia ko-ko-ko, na mwenye masikio huwahi kunakili vitu vyake. SSD haina kinachozunguka. Kumbukumbu ya aina hiyo ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, akaitangaza mwaka 1984. Huhifadhi maandishi, picha na sauti kwa chaji ndogo za umeme zilizofungiwa katika vijumba visivyoonekana kwa macho, na kila unapoandika vijumba hivyo huchakaa kidogo. Pembeni kuna chipu nyingine inayosimamia zote. Mimi huiita mkutubi. Mkutubi huyu hakuwekei hadithi yako mahali pamoja. Huikata vipande, akavitawanya huku na huku ili vijumba vichakae kwa usawa, kisha akaandika katika orodha yake kipande gani kiko wapi. Orodha ikiharibika, au mkutubi mwenyewe akizimia, vitabu vyote huenda vimo ndani lakini hakuna ajuaye ukurasa upi ni wa kitabu kipi. Ndiyo sababu diski hizi hufa ghafla, bila homa wala kikohozi.

Na huzimia kwa nini? Sababu ni nyingi: waya uliolegea, joto, kasoro ya kiwandani, stima kukatika wakati diski inaandika. Habari za stima sina haja ya kueleza. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na sisi huku hatukushangaa sana.

Kuhusu kasoro za kiwandani, nawaomba wanakamati wasikilize kwa makini. Mwaka huo huo wa 2023, watu wengi walilalamika kwamba diski za kubebeka za SanDisk, za aina ya Extreme na Extreme Pro, zilijifuta au zikakataa kufunguka. Western Digital, iliyokuwa ikimiliki SanDisk wakati huo, ilitoa marekebisho ya programu ya ndani kwa baadhi ya diski hizo, na mwezi wa Agosti ikashtakiwa mahakamani huko Marekani. Yetu haikuwa ya jina hilo, wala sisemi ilikuwa na kasoro ileile. Ninauliza tu: wale wa Marekani diski zilipowafia walikwenda mahakamani wakiwa walalamishi. Mbona mwenzetu alisimamishwa mbele ya kamati akiwa mshtakiwa?

Mjumbe mmoja alisema katibu msaidizi aliichomoa bila kuiaga kompyuta kwanza. Inawezekana, sikuwapo. Lakini kengele ya jioni ikilia, na mwalimu wa zamu amesimama mlangoni na funguo, bado sijamwona mtu akingoja. Kama hilo ni kosa basi tuwatoze wote waliowahi kukigusa kile kifaa, kuanzia mwenyekiti.

Tena yule dada ndiye aliyefanya mambo sawasawa siku ile. Kwanza alibadilisha waya, kwa sababu mara nyingi waya ndio uliokufa na si diski. Akabadilisha tundu, kisha akahamia kompyuta nyingine. Huko diski ikaonekana, lakini Windows ikadai ifomatiwe ndipo itumike. Palikuwa na kijana, jina namstahi, aliyekwisha kunyoosha kidole kubonyeza ndiyo. Dada akamshika mkono. Jamani, hapo ndipo wengi huzikwa! Ukifomati SSD, mara nyingi diski yenyewe huanza kufagia vijumba ilivyoambiwa havina kazi tena, na kilichofagiwa hakirudi hata umwite fundi wa Nairobi. Kanuni ni kuiacha bila kuiandikia neno lolote. Ikifunguka hata kwa dakika tano, nakili kwanza kile usichoweza kukipata tena duniani, yaani sauti ya mzee kabla ya picha za sherehe. Mwingine alishauri iwekwe kwenye friji usiku kucha. Huo ni uganga wa zile diski za sahani, na hata huko ulikuwa wa kubahatisha. SSD ukiitia kwenye baridi unaiongezea unyevu tu.

Fundi wa mjini aliifungua akasema chipu zinaonekana nzima. Hilo halikusaidia, kwa kuwa diski nyingi za siku hizi hujifunga kwa siri ambayo mkutubi peke yake anaijua. Ukizing'oa chipu unapata vurugu tupu.

Sasa nifike penye kidonda. Chama kilikuwa na sheria kwamba sauti zisitoke nje mpaka kazi ikamilike. Nia ilikuwa njema, maana wazee walituamini na si kila neno la mzee ni la kurushwa mitandaoni. Lakini sheria hiyo ilifanya miaka miwili ya kazi ikae mahali pamoja, penye ukubwa wa kiberiti. Sauti moja tu ndiyo iliyopona, ya bibi wa Karungu, na imepona kwa sababu mjukuu wake, ambaye ni mwanachama, alimtumia nyanya yake kwa WhatsApp ili ajisikie. Yaani kilichobaki ni kile kilichovunja sheria. Na familia ya mzee wa Kendu Bay waliomba nakala mara mbili wakaambiwa wangoje. Wakati wa matanga waliomba tena, wapate kumsikia baba yao, tukawa hatuna la kuwapa. Mimi nikisikia neno deni, hilo ndilo ninalolifikiria. Ile bei ya diski ni senti.

Watu wa kamera mjini Migori na Homa Bay nao wasicheke. Arusi na mazishi ya watu wangapi yamo katika diski moja mezani kwa mpiga picha, na mwenyewe ameahidi "njoo wiki ijayo"? Mwamerika mmoja mpiga picha, Peter Krogh, aliifanya ijulikane kanuni nyepesi: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali na nyingine. Haihitaji digrii.

Kamati itasema hatuna fedha. Tupige hesabu. Saa 1 ya mazungumzo ikibanwa kwa kiasi cha kawaida huchukua megabaiti 30 hivi. Sisi tulikuwa na saa 40, yaani gigabaiti 1 na kidogo. Hizo zingeingia katika flashi ya gigabaiti 2 na nafasi ikabaki, na flashi kama hizo tunazo mifukoni zikijaa muziki. Kisha sisi ni shule ya kutwa. Kila jioni tunatawanyika, huyu Suna, yule Awendo, mwingine Rongo. Wenzetu wa bweni chumba kikiungua kimeungua na kila kitu. Sisi nakala tano zingelala katika nyumba tano kila usiku bila nauli ya ziada. Baraka hii tunayo na hatuitumii.

Lakini nakala nayo si ya kufungia kabatini mpaka tumalize shule. Kwa vigezo vya JEDEC, SSD ya kawaida iliyotumika hadi mwisho wa uwezo wake hutakiwa kushika data mwaka 1 tu bila umeme, katika joto la nyuzi 30. Mpya hushika zaidi, sawa, lakini mchana wa Homa Bay sote tunaujua. Tazama Thimlich Ohinga hapa kwetu, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zile zilipangwa kwa mawe matupu, karne ya 16 hivi, na zimesimama kwa sababu kila waliokuja kukaa humo walizirekebisha. Sauti nazo zinataka mtu wa kuzihamisha kila mwaka, aandikwe jina na tarehe.

Ninaiomba kamati ilifute lile deni kabla ya uchaguzi wa viongozi wapya. Kama kuna fedha zilizokwisha kulipwa, arudishiwe mama yake, ambaye sisi sote tunajua anazipataje. Sheria ya kuficha sauti ibadilishwe: mzee akirekodiwa, familia yake ipate nakala siku ileile, na yeye mwenyewe aseme ni sehemu gani isitoke nje. Kisha likizo ya Agosti twende Kendu Bay tukawaombe radhi wale watu. Mjane wa mzee bado yupo na nimeambiwa hadithi ya Simbi yeye huisimulia tofauti kabisa na mumewe. Nauli kupitia Rongo tuichange kuanzia sasa. Atakayerekodi awe katibu msaidizi, akikubali.